Mvinyo wa mapovu wa Ferrari, Trento: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu chupa na chakula chake

Nimehudumu mezani Malindi kwa zaidi ya miaka kumi, mji ambao Kiitaliano husikika sokoni kila siku, na msimu mmoja wa mavuno nilifanya kazi katika mashamba ya mizabibu ya Trentino, kaskazini mwa Italia. Maswali yaliyo hapa huulizwa na wahudumu vijana wanaoanza kazi, wapishi, na ndugu zetu wanaoishi Italia ambao wamealikwa chakula na hawajui wabebe chupa gani. Nimechagua kiwanda kimoja ninachokifahamu ili tusipotee kwenye bahari ya majina.

Nina neno moja la kuwaambia kabla hatujaanza. Mvinyo huu ni wa chakula. Watu huufungua saa ya kupongezana, wakagonga glasi, wakapiga mafunda mawili, na sahani zinapofika mezani chupa inasogezwa kando. Nasikitika kila ninapoliona hilo.

Ferrari? Ndio hao hao wa magari?

Sio hao. Ferrari ni mojawapo ya majina ya ukoo yaliyoenea sana Italia, na asili yake ni kazi ya uhunzi. Kampuni ya magari ilianzishwa na Enzo Ferrari na makao yake ni Maranello. Kiwanda cha mvinyo kilianzishwa na Giulio Ferrari mjini Trento mwaka 1902, na koo hizi mbili hazina uhusiano. Mkanganyiko ulizidi kuanzia 2021, maana kwa misimu kadhaa madereva wa Formula 1 walikuwa wakirushiana mvinyo wa Ferrari Trento jukwaani. Mgeni akikuuliza, mjibu kwa upole, kwa sababu hata Waitaliano wenyewe huuliza.

Giulio Ferrari alikuwa nani?

Alikuwa kijana wa Trentino aliyesomea kilimo cha mizabibu San Michele all'Adige, kisha akaenda kujifunza zaidi Montpellier na Épernay kule Ufaransa, na Geisenheim kule Ujerumani. Épernay ni kitovu cha shampeni. Huko aliona zabibu ya Chardonnay inavyofanya kazi, akashika imani moja kwamba milima ya kwao ingeweza kutoa mvinyo wa kiwango hicho. Akarudi na miche. Wakati ule Trento ilikuwa bado chini ya Austria-Hungaria, ikawa sehemu ya Italia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Alitengeneza chupa chache na alikuwa mkali sana juu ya ubora. Hakujaliwa mtoto. Mwaka 1952 alimuuzia kiwanda Bruno Lunelli, mfanyabiashara aliyekuwa na duka la mvinyo pale pale Trento, lakini yeye mwenyewe hakuondoka, aliendelea kufika kazini hadi alipofariki mwaka 1965. Wana wa Bruno, yaani Franco, Gino na Mauro, ndio waliokikuza, na leo kiko mikononi mwa kizazi cha tatu cha akina Lunelli. Nakipenda sana kisa hiki. Mzee alikabidhi kazi ya maisha yake kwa mtu wa nje ya damu yake, akaishi miaka 13 zaidi akiishuhudia ikitunzwa.

Basi huu ni shampeni?

Hapana, na usiuite hivyo mbele ya mteja. Jina shampeni linalindwa na sheria ya Ulaya: ni la mvinyo wa mkoa wa Champagne, Ufaransa, peke yake. Huu unaitwa Trentodoc, jina linalobebwa na mvinyo wa mapovu wa mkoa wa Trentino uliotengenezwa kwa kufuata masharti. Ila njia ya kuutengeneza ni ile ile ya Champagne, na kwenye lebo za Kiitaliano imeandikwa *metodo classico*. Zabibu zinazoruhusiwa ni nne: Chardonnay, Pinot Nero, Pinot Bianco na Meunier.

Mapovu yanaingiaje ndani ya chupa?

Hayapulizwi kama ya soda. Kwanza unatengenezwa mvinyo mweupe wa kawaida, usio na mapovu. Kisha unatiwa kwenye chupa pamoja na sukari kidogo na hamira, na chupa inafungwa. Hamira inaila sukari, inatoa kilevi kidogo na hewa ya kaboni. Hewa haina pa kutokea, kwa hiyo inayeyuka ndani ya mvinyo wenyewe. Sukari ya gramu 24 hivi kwa lita huzaa mgandamizo wa karibu bar 6. Tairi la gari dogo lina bar 2 na kidogo.

Hamira ikimaliza kazi inakufa na kutuama chini kama mashapo. Hapo ndipo utamu wa kazi unapoanza, kwa sababu mvinyo unaachwa juu ya mashapo hayo, gizani, kwenye baridi. Sheria ya Trentodoc inataka angalau miezi 15, miezi 24 kwa mvinyo wa mwaka mmoja wa mavuno unaotajwa kwenye lebo, na miezi 36 kwa ule unaoitwa Riserva. Mashapo yanapovunjika polepole ndiyo yanayoleta ile harufu ya mkate uliotoka kwenye tanuri, na ule ulaini unaoujaza mdomo.

Mwisho chupa zinainamishwa vichwa chini na kuzungushwa kidogo kidogo mpaka mashapo yote yakusanyike shingoni. Shingo inagandishwa, kifuniko kinafunguliwa, na kipande cha barafu chenye mashapo kinaruka nje. Nafasi iliyobaki inajazwa mvinyo wenye sukari kidogo au usio na sukari kabisa, halafu kinapigwa kizibo kile kinene na kufungwa kwa waya.

Na Prosecco je? Mbona ni bei nafuu zaidi?

Prosecco, mvinyo mwingine wa mapovu wa Italia, unatoka Veneto na Friuli, kwa zabibu iitwayo Glera, na mapovu yake huzaliwa ndani ya tangi kubwa la chuma badala ya chupa. Njia hiyo ilibuniwa na Federico Martinotti wa Piemonte mwaka 1895, na Mfaransa Eugène Charmat akaiboresha baadaye. Ni ya haraka, inahifadhi harufu ya tunda la pea na maua, na mvinyo wake unanyweka ukiwa mchanga. Sioni sababu ya kuudharau. Kwa aperitivo ya jioni, yaani kinywaji cha kabla ya chakula, na zeituni na vitafunwa, Prosecco mzuri kutoka vilima vya Conegliano na Valdobbiadene unatosha kabisa. Ila ukifika kwenye chakula chenye siagi, jibini au uyoga, mara nyingi unazidiwa nguvu. Chupa iliyokaa miaka mitatu kwenye mashapo haizidiwi.

Kwa nini milimani?

Kwa sababu ya uchachu. Zabibu inayoiva kwenye joto mchana kutwa na usiku kucha inajaa sukari na kupoteza uchachu wake, na mvinyo wa mapovu usio na uchachu unachosha mdomo kwa glasi moja tu. Trentino mchana ni joto, alasiri unakuja upepo kutoka Ziwa Garda wanaouita *Ora*, na usiku baridi inashuka kutoka milimani.

Nilipokwenda mavuno, mizabibu mingi ilikuwa imetambazwa juu kwenye uchanja wa mbao, wanaouita *pergola*, hivyo unafanya kazi ukiwa umeinua mikono, makasi mkono mmoja na kishada mkono mwingine, majani yakiwa paa juu ya kichwa chako. Saa moja asubuhi vidole vinakufa ganzi kwa umande. Saa saba mchana umevua sweta na shingo inawaka jua. Msimamizi wetu, mama wa makamo, alinipa tembe moja ya zabibu niitafune: tamu kwanza, kisha ukali uliokaza taya. "Hapo ndipo tunapotaka," akasema. Trentodoc yote huvunwa kwa mkono, maana zabibu iliyopondeka ikachachuka njiani inaharibu kazi ya miaka.

Maneno Brut, Extra Dry na Demi-Sec yana maana gani?

Ni kiasi cha sukari iliyobaki, na yanapotosha watu kila siku. *Extra Brut* ina gramu 0 hadi 6 kwa lita, *Brut* haizidi 12, *Extra Dry* ni 12 hadi 17, *Dry* ni 17 hadi 32, na *Demi-Sec* ni 32 hadi 50. Kwa hiyo Extra Dry ni tamu kuliko Brut, ingawa jina linaashiria kinyume. Ikiwa kuna kitu kimoja mhudumu anapaswa kukikariri, ni hiki.

Ferrari ina aina ngapi, na nianze na ipi?

Zipo nyingi, ila zinazokutana nawe mara nyingi ni hizi. Ferrari Brut ni ya Chardonnay tupu, nyepesi, ndiyo ya kila siku. Maximum nayo ni Chardonnay, imekaa zaidi kwenye mashapo, na ipo pia kwa Demi-Sec. Ipo Rosé, yenye Pinot Nero ndani yake. Perlé ni Chardonnay ya mwaka mmoja wa mavuno, na Perlé Nero ni Pinot Nero, zabibu nyeusi inayotoa mvinyo mweupe kwa sababu maganda yanatengwa mapema. Juu kabisa iko Giulio Ferrari Riserva del Fondatore, iliyovunwa mara ya kwanza 1972. Hiyo hukaa gizani miaka kumi au zaidi kabla ya kuuzwa.

Ukianza, anza na Brut, halafu onja Perlé siku nyingine na chakula kile kile. Utaelewa muda ni nini.

Unanywewa na chakula gani hasa?

Tuanze na vya kwao. Trentino ni nchi ya mlima, chakula chake kina mafuta, chumvi na moshi. Speck, yaani paja la nguruwe lililotiwa chumvi na moshi mwepesi, ukikatwa mwembamba kama karatasi, na Ferrari Brut: mapovu yanasugua ulimi, uchachu unakata mafuta, na kipande kinachofuata kina ladha kama ni cha kwanza. Hiyo ndiyo siri yote, na ukiielewa hapo utaweza kuchagua mwenyewe mahali popote. Jibini la Trentingrana, ambalo ni binamu wa Grana Padano, linafanya vivyo hivyo kwa upande wa chumvi.

Samaki trauti wa mito ya mlimani, akipikwa kwa siagi na mimea, anapendeza na Brut au Maximum. *Canederli*, yale madonge ya mkate mkavu, maziwa, mayai na speck, yakimiminiwa siagi iliyoyeyuka, yanataka Perlé. Polenta na uyoga, vile vile Perlé. Jioni ya siku yangu ya mwisho kazini tulipikiwa polenta kwenye sufuria ya shaba. Mzee wa nyumba aliikoroga kwa mwiko mrefu karibu dakika 45, na mimi nikaona ni ugali wa mahindi ya manjano, wala sikuhitaji kufundishwa namna ya kuula. Juu yake uyoga wa porini na jibini. Kando, Perlé baridi. Sijasahau.

*Carne salada* ni nyama ya ng'ombe iliyolazwa kwenye chumvi na viungo kwa majuma kadhaa, huliwa mbichi ikiwa nyembamba au ikipitishwa motoni kidogo na kuandaliwa na maharage. Hapo toa Rosé.

Kwa nyama nyekundu na kuku wa kuokwa unafaa?

Unafaa ukichagua vizuri. Kanga au kuku wa kuokwa mwenye ngozi iliyokauka, ndama, sungura: Perlé Nero. Nyama ya kuchemka kwa masaa kwenye mchuzi mzito wa mvinyo mwekundu, hapana, mpe mgeni Teroldego, mvinyo mwekundu wa huko huko Trentino.

Na vyakula vya pwani yetu?

Malindi na Watamu wapishi wa Kiitaliano na wa Kimijikenda wamefanya kazi jiko moja kwa miongo, kwa hiyo jibu hili nimelionja mezani. Kamba na kaa wa kuchemsha, wakipakwa siagi, na Brut, ni sawa kabisa. Pweza wa kuchoma, sawa. Samaki wa kukaanga, bhajia za viazi na mihogo ya kukaanga ni marafiki wakubwa wa mapovu. Watu hawaamini mpaka waonje, kwa sababu wamezoea kuona chupa hii na vyakula vya sherehe tu. Samaki wa kupaka ana tui zito lenye mafuta, hapo Rosé au Perlé hulibeba vizuri, mradi ukwaju usizidi.

Angalia ndimu na siki. Chakula kikiwa kichachu kuliko mvinyo, mvinyo unaonekana maji matupu. Kachumbari iliyokamuliwa ndimu tatu itaua Perlé ya bei kubwa. Ama mkamuaji apunguze, ama utoe chupa ya kawaida.

Pilipili je?

Mapovu huongeza makali ya pilipili, kwa sababu hewa ya kaboni nayo inachoma ulimi kwa namna yake, na kilevi kinazidisha. Kwa pilipili kidogo, Rosé inavumilia. Kwa kuku wa kuchoma aliyepakwa pilipili hasa, chagua kitu chenye sukari zaidi na kilevi kidogo. Moscato d'Asti wa Piemonte, wenye kilevi cha asilimia 5 hivi, unaustahimili moto vizuri kuliko Brut yenye 12.5.

Keki, panettone na vitamu vingine?

Hapa nabishana na Waitaliano wenyewe. Krismasi wengi wao hukata panettone, keki yao laini ya sikukuu, na kufungua Brut. Sukari ya keki huufanya mvinyo mkavu uwe mkali na mchungu, na wote wawili wanaharibika. Mvinyo uwe mtamu kama kitamu chenyewe au zaidi. Kwa strudel ya tofaa, au *zelten*, mkate wa Krismasi wa Trentino wenye matunda makavu na lozi, toa Maximum Demi-Sec. Brut yako uinywe mapema, na nyama na samaki.

Niupoze kiasi gani?

Nyuzi 6 hadi 8 kwa Brut, na 10 hivi kwa Riserva, maana baridi kali huficha harufu uliyoilipia. Jokofuni masaa matatu au manne. Ukiwa na haraka, ndoo yenye nusu barafu na nusu maji, dakika 20 hadi 30. Barafu peke yake haishiki chupa pande zote, maji ndiyo yanayobeba baridi. Usiutie kwenye friza ukausahau.

Nifungueje bila kuumiza mtu?

Hili nalisema kwa uzito. Niliwahi kuwa kwenye harusi ya jioni ambako chupa zilikuwa zimekaa kwenye buti la gari tangu mchana. Kijana mmoja akalegeza waya, akaweka chupa mezani ageuke kuchukua kitambaa. Kizibo kiliondoka chenyewe, kikapita karibu na sikio la bibi harusi na kuvunja taa ya ukutani. Kingepata jicho, tungekuwa tunasimulia mengine.

Chupa iwe baridi kwanza. Kidole gumba kikae juu ya kizibo tangu unapoanza kuzungusha waya, ambao hufunguka kwa nusu mizunguko sita. Waya uache pale pale. Inamisha chupa, ielekeze pasipo na mtu, shika kizibo imara na uzungushe chupa yenyewe. Kizuie kizibo kisije kwa pupa. Sauti unayoitaka ni pumzi tu, fss, kama mtu aliyekaa baada ya safari.

Glasi gani?

Yenye tumbo dogo na mdomo uliobana kidogo. Ile nyembamba sana inaonyesha mapovu lakini inafunga harufu. Jambo kubwa ni usafi: masalio ya sabuni huyaua mapovu, kwa hiyo suuza kwa maji moto mengi na ufute kwa kitambaa safi. Mapovu mengi huzaliwa kwenye vijinyuzi visivyoonekana vilivyoachwa na kitambaa au vumbi ndani ya glasi. Mvinyo ukionekana umelala, mara nyingi kosa ni la glasi.

Mgeni asiyekunywa kilevi nimpe nini?

Mpe kitu cha heshima, katika glasi ile ile nzuri. Bonde la Val di Non, hapo hapo Trentino, ni maarufu kwa matofaa, na juisi yake ya tofaa iliyopozwa inakwenda vizuri na speck la ng'ombe, jibini na samaki. Jambo la pili ni la uaminifu: risotto nyingi za huko, yaani wali mzito wa Kiitaliano, hupikwa kwa mvinyo huu huu. Mgeni Muislamu, au yeyote aliyejizuia, lazima aambiwe kabla hajaagiza. Vilevile mvinyo "ulioondolewa kilevi" usimpe bila kumweleza ni nini. Mjamzito na dereva nao wasishawishiwe.

Chupa iliyofunguliwa inakaa siku ngapi?

Siku mbili, pengine tatu, ikiwa jokofuni na kizibo maalumu cha kubana. Kijiko kinachoning'inizwa shingoni hakisaidii kitu.

Na ambayo haijafunguliwa?

Ilaze au isimamishe, ila iwe mahali pa giza na baridi. Mwanga wa jua au wa taa kali za dukani huuharibu mvinyo huu haraka, hasa kwenye chupa nyeupe, ukanuka kama kabichi iliyochemshwa. Usinunue chupa iliyokaa dirishani. Brut ya kawaida inywe ndani ya mwaka mmoja au miwili tangu uinunue. Baadhi ya lebo zina tarehe ya *sboccatura*, siku mashapo yalipotolewa, nayo ndiyo ya kuhesabia. Giulio Ferrari ina subira ya miaka mingi. Kwa joto la pwani, kama huna chumba cha baridi, nunua chupa unayoihitaji wiki hii.